Beleshi la Mvuke na Mkono wa Mchimbaji: Mitambo, Ajira na Kampuni katika Ukanda wa Shaba wa Kolwezi

1. Utangulizi

Mjadala wa siku hizi kuhusu mitambo inayojiendesha huzunguka swali moja: je, mashine itamnyang'anya mfanyakazi kazi yake? Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake lingali mbele yetu. Kwetu sisi tunaoishi katika ukanda wa shaba wa Lualaba jibu limekwisha kutolewa, tena si mara moja. Katika muda wa miaka mia moja na ushei mashine imeingia migodini, imesimama, kisha imerudi kwa nguvu zaidi; na kila mara hali ya mfanyakazi na ya kampuni imebadilika kwa namna isiyofanana na ile ya mara iliyotangulia.

Makala haya yanakusudia kuipitia historia hiyo kwa ufupi na kutetea hoja moja. Mashine ambayo katika miaka ya 1920 ilisaidia kumfanya mchimbaji awe mfanyakazi wa kudumu, katika karne hii imekwenda sambamba na mkataba mfupi na ajira ya mkandarasi. Kwa hiyo haitoshi kuilaumu mashine, wala haitoshi kuisifu. Kinachoamua ni masharti yanayomfunga mwenye mashine kwa mwenye mikono, na uwezo wa kila mmoja wao katika kuyaweka masharti hayo.

Inafaa tueleze istilahi mbili. Kwa utumiaji wa mitambo tunakusudia hali ambayo nguvu za misuli huachia nafasi nguvu za mvuke, dizeli au umeme. Kwa otomesheni tunakusudia hatua inayofuata, ambapo mtambo hupokea pia sehemu ya uamuzi wa mwendeshaji. Hatua hii ya pili imekwisha kukomaa kwingineko: katika machimbo ya chuma ya Pilbara, Australia, kampuni ya Rio Tinto ilianza kujaribu malori yasiyo na dereva mwaka 2008, na mwaka 2010 ilifungua mjini Perth kituo cha kuyasimamia kutoka umbali wa kilomita zipatazo 1,500. Hatua ya kwanza sisi tumeishi nayo kwa karne nzima, na ndiyo inayoweza kutufunza jambo kuhusu ya pili.

Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu, si mwanauchumi. Kwa sababu hiyo, pamoja na tarakimu, atayasikiliza pia maneno ambayo watu wa migodini wameyatumia kuielezea hali yao.

2. Enzi ya mikono

Shaba ya Katanga haikuanza kuchimbwa na Wazungu. Wasanga na wenzao, na baadaye Wayeke chini ya Msiri, walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuri za udongo kwa makaa na mivukuto, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyosafiri mbali kama bidhaa na kama fedha. Mafundi hao waliitwa wakula mukuba, yaani walaji wa shaba. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi. Mvua zilipoanza, watu walirudi mashambani. Ujuzi wa tanuri ulikuwa mali ya fundi, na fundi aliurithisha kwa masharti na miiko aliyoiweka mwenyewe.

Twaona tangu hapa mambo mawili yatakayotufuata hadi mwisho: nani anamiliki chombo, na nani anamiliki ujuzi wa kukitumia. Kwa mkula mukuba yote mawili yalikuwa mkononi mwake.

3. Beleshi la mvuke na mkataba wa miaka mitatu

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Katika miaka hiyo ya mwanzo kazi kubwa ya migodi ya wazi ilifanywa kwa sururu, beleshi na vigari vya kusukumwa. Wafanyakazi waliandikishwa kwa miezi michache, wengi wao kupitia Bourse du Travail du Katanga iliyoanzishwa mwaka 1910, wengine wakitoka Rhodesia ya Kaskazini. Waliishi katika makambi yenye maradhi na vifo vingi, na muda wao ulipokwisha, waliopona walirudi makwao. Kampuni haikuona hasara kubwa katika kuondoka kwao. Mtu anayesukuma kigari hujifunza kazi yake kwa siku moja. Akiondoka, mwingine atashika mpini uleule.

Hesabu hiyo ilibadilika pale kampuni ilipozidisha mabeleshi ya mvuke, magari-moshi ya mgodini na, baada ya bwawa la Mwadingusha kuanza kutoa umeme mwaka 1930, mitambo ya umeme. Beleshi moja la mvuke lilifanya kazi ya kikosi kizima cha watu. Kwa mtazamo wa kwanza, basi, mashine ilimfukuza mtu. Lakini wale waliobaki hawakuwa tena watu wa kubadilishwa kama mipini. Mwendesha mtambo, fundi wa boila na mtoboa mwamba walihitaji miezi, pengine miaka, ya kujifunza. Na kosa la mgeni mmoja liliweza kuharibu chombo chenye thamani kubwa kuliko mishahara ya kambi nzima. Kuwaajiri Wazungu kutoka kusini kwa kazi zote hizo kulikuwa ghali mno.

Ndipo kampuni ilipoingia, katika miaka ya 1927 na 1928, katika sera ya kuwadumisha wafanyakazi. Mkataba ukawa wa miaka mitatu. Mfanyakazi aliruhusiwa, na hata kuhimizwa, kuja na mkewe. Kukajengwa nyumba, zahanati na shule zilizosimamiwa na wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa sera hiyo, aliieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946 kuwa ni malezi ya baba kwa watoto wake. Hatuna budi kuongeza kwamba mashine haikuwa sababu pekee. Migodi mipya ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kushindania watu walewale, na vijiji vya Katanga vilikuwa na watu wachache. Hata hivyo, bila mashine kampuni isingekuwa na sababu kubwa ya kugharimia ujuzi wa mtu mmoja kwa miaka mitatu mfululizo.

Malezi hayo yalikuwa na mipaka. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika, uzalishaji wa shaba ulishuka kutoka tani zipatazo 139,000 mwaka 1930 hadi tani zipatazo 54,000 mwaka 1932, na maelfu ya wale walioitwa watoto wa kampuni walirudishwa makwao. Tena, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Elisabethville waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi na askari uwanjani, wakafa makumi. Baba aliyewapa nyumba hakukubali waseme naye kama washirika. Kumbe kudumishwa na kuwa na haki ni mambo mawili tofauti.

4. Kolwezi: mji uliozaliwa na mtambo

Kolwezi ni mji wa awamu hiyo. Ulianzishwa mwaka 1937 kama makao ya kundi la magharibi la migodi ya kampuni, na uzito wa uzalishaji ukahamia huku pole pole: Musonoi, Ruwe, Kamoto. Mabwawa yalijengwa katika mto Lualaba, la Nzilo mwaka 1952 na la Nseke mwaka 1956, na mwaka 1960 kiwanda cha Luilu kilianza kusafisha shaba na kobalti kwa umeme. Mwaka huo wa uhuru kampuni ilitoa tani zipatazo 300,000 za shaba, zaidi ya mara mbili ya zile za 1930, ilhali idadi ya wafanyakazi haikuongezeka kwa kiasi hicho. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mtambo.

Athari zake katika maisha ya watu hazikuishia kwenye mshahara. Kambi ilikusanya watu wa Kasai, Lomami, Lualaba, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja, kikichukua nafasi ya ile lugha ya mchanganyiko iliyoletwa kutoka migodi ya kusini. Msimamizi akaitwa kapita. Chakula cha mgawo kikaitwa posho. Neno kazi lenyewe likapata maana finyu na nzito. Katika Kiswahili cha Katanga, kusema kwamba mtu iko na kazi ni kusema kwamba ana ajira yenye mshahara. Anayelima au kuuza sokoni hufanya mengi, lakini hatasemwa hivyo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliliandikia neno hili makala maalumu mwaka 1973, baada ya kuwachunguza wafuasi wa Jamaa. Hiyo ni harakati ya kidini iliyokua kutokana na mafundisho ya padri Placide Tempels, aliyefika parokia ya Ruwe, hapa Kolwezi, mwaka 1953. Si ajabu kwamba harakati iliyohubiri umoja wa mume na mke ilipata wafuasi hapa: ilikuwa ni mji wa wafanyakazi waliodumishwa pamoja na wake zao.

Wazee wa kampuni wana msemo ambao kila mtoto wa kambi ameusikia: kazi njo baba, njo mama. Njo hapa ni ndiyo ya Kiswahili sanifu. Msemo huo hauna maana ya kuisifu kazi tu. Unaeleza mpangilio mzima wa uchumi ambamo nyumba, dawa, shule na unga vilipitia mlango mmoja. Anayeufunga mlango huo huwafungia watu vyote kwa pamoja.

5. Mashine iliposimama

Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali ya Union Minière nchini ilichukuliwa na dola, na kampuni mpya ya taifa ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Mpangilio wa zamani haukuvunjwa, bali ulipanuliwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba na kuajiri watu zaidi ya 30,000.

Lakini kampuni ya mitambo ina udhaifu ambao kampuni ya mikono haina. Mtu asiyelipwa mwezi mmoja anaweza kuvumilia. Mtambo usiopata mafuta, umeme na vipuri hausubiri. Reli ya Benguela, iliyotufikisha bandari ya Lobito tangu 1931, ilikatwa na vita vya Angola mwaka 1975. Kolwezi yenyewe ilikumbwa na vita mwaka 1978. Umeme wa Inga ulifika hapa mwaka 1982 kwa njia ya waya wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, deni lake likiwa zito kuliko faida yake ya siku zile. Fedha za shaba zilichukuliwa na watawala badala ya kurudi katika matengenezo. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Baadaye zikafuata ghasia za kisiasa na kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai katika miaka ya 1992 na 1993, kulikowaondoa kazini mafundi wengi wenye ujuzi wa miaka. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa tani zipatazo 30,000 tu.

Hapa ndipo historia yetu inapopingana na utabiri wa kawaida. Hofu ya dunia ni mashine inayofanya kazi huku mtu amekaa. Kolwezi iliona kinyume chake: mashine imekaa, na mtu angali katika orodha ya wafanyakazi, akienda kazini bila kazi na bila mshahara. Mwaka 2003 orodha hiyo ilikuwa bado na watu zaidi ya 20,000, ilhali shaba iliyotoka haikufikia hata sehemu ya ishirini ya ile ya 1986. Ndipo ulipotekelezwa, kwa fedha za Benki ya Dunia, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi 10,655 walipokea malipo ya mkupuo mmoja na kuondoka, wengi wao wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Hiari ya mtu mwenye njaa ni neno la kupimwa kwa uangalifu. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001, aliwaita watu hawa kwa jina linalotosha kueleza yote: bana shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao.

6. Mikono yarudi, na mitambo mikubwa zaidi

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliruhusu uchimbaji wa mikono, na Sheria ya Madini ya 2002 ikautambua. Watoto wa wale walioendesha mitambo wakashika sururu. Huitwa bacreuseurs, neno la Kifaransa lililovikwa kiambishi cha Kibantu, na makisio ya idadi yao katika Lualaba na Haut-Katanga huwa kati ya 100,000 na 200,000. Mwaka 2014, baada ya mkazi mmoja wa Kasulo kugundua kobalti kiwanjani kwake, mtaa huo ulianza kuchimbwa chini ya nyumba zake wenyewe, hata mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta na kupewa kampuni ya ununuzi.

Sheria ileile ya 2002 iliyatambua mashimo ya mikono na papo hapo ikafungua milango kwa mtaji wa nje. Kamoto Copper Company, Mutanda, Sicomines, na tangu 2021 Kamoa-Kakula, zimeleta malori na viwanda ambavyo Union Minière haikuviota. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2 na nusu za shaba, yaani zaidi ya mara tano ya kilele cha Gécamines cha 1986. Ajira za kudumu hazikuongezeka kwa uwiano huo. Uchunguzi wa shirika la RAID, uliotolewa mwaka 2021 kuhusu migodi mitano mikubwa, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wameajiriwa na wakandarasi, kwa kawaida kwa mishahara na huduma duni kuliko wenzao wa kampuni.

Kwa nini beleshi la leo halimdumishi mtu kama lilivyofanya lile la 1928? Sababu tatu zinaonekana. Kwanza, ujuzi haupatikani tena mgodini peke yake. Kampuni huukodi kutoka soko la dunia na huuachisha bei ya kobalti inaposhuka, kama Mutanda iliposimamishwa mwishoni mwa 2019. Pili, wakati ule watu walikuwa haba. Leo mji umejaa vijana wanaongoja langoni. Tatu, mkandarasi amesimama kati ya mwenye mtambo na mwenye mkono, kiasi kwamba mfanyakazi mwenye malalamiko hajui mlango wa kubisha.

Gharama ya utengano huu ilionekana wazi tarehe 27 Juni 2019, pale ukingo wa shimo la KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, ulipowaporomokea wachimbaji wa mikono na kuua watu wasiopungua 43. Katika shimo moja walikuwamo watu wa karne mbili: wenye mitambo mikubwa, na wenye nyundo na gunia. Hakuna mkataba wowote uliowaunganisha.

Hata hivyo, upo mfano unaoonyesha njia nyingine. Huko Mutoshi, kati ya 2018 na 2020, kampuni ya Chemaf, mnunuzi Trafigura na shirika la Pact walishirikiana na chama cha wachimbaji. Mitambo iliondoa udongo wa juu ili wachimbaji wasilazimike kuingia katika mashimo marefu. Eneo lilizungushiwa ua, kina kikawekewa kikomo, na wanawake wakaruhusiwa kufanya kazi humo. Wachimbaji walilalamikia bei, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja, na mpango ulikatika janga la korona lilipoingia. Lakini tingatinga lile halikuwa tofauti na la KOV. Kilichokuwa tofauti ni mapatano.

7. Hitimisho

Tumeona mashine ikipunguza idadi ya watu na papo hapo ikimpa thamani aliyebaki. Tumeiona ikisimama na kumwangusha aliyeitegemea. Kisha tumeiona ikirudi na kuzidisha shaba bila kuzidisha nafasi za kudumu. Mtambo ulikuwa wa ukoo mmoja katika nyakati zote tatu. Masharti ndiyo yaliyobadilika.

Mafunzo mawili yatokana na hayo. La kwanza ni kwa kampuni: gharama ya mfanyakazi inayoonekana kupunguzwa na mkandarasi haipotei, bali huhamia kwenye ua wa mgodi, kwa walinzi na vifo vya mashimoni. La pili ni kwetu vyuoni. Malori yasiyo na dereva yatakapofika Lualaba, swali la kuuliza halitakuwa tu ni madereva wangapi watakaoondolewa. Itatubidi tuulize pia ni nani hapa Kolwezi atakayejua kuyatengeneza, kuyaongoza na kuyasomea hesabu zake, na kwa mkataba wa muda gani. Mkula mukuba alikuwa na chombo na ujuzi. Mfanyakazi wa 1928 alipoteza chombo akabaki na ujuzi, na ujuzi huo ndio uliomfanya kampuni imhitaji. Kijana wetu wa leo akikosa vyote viwili, atabaki na mkono mtupu. Na mkono mtupu, kama wanavyojua watoto wa bana shaba, haulambwi.